Amana ya Shaba Shingoni mwa Dorotea

Ukitaka kuishi kwa raha na Dorotea wa Katindiuka, usimtendee wema. Ukimsaidia kujitwika ndoo ya maji, jioni atakuja na bakuli la kisamvu. Ukimwazima mwavuli, utarudishwa pamoja na mkungu wa ndizi. Mwenye bodaboda mmoja aliwahi kumbeba bure siku ya mvua, kesho yake akaletewa jogoo. Alipojaribu kukataa, Dorotea alimfunga jogoo yule kwenye usukani wa pikipiki akaondoka zake. Majirani humtania kwamba asante yake ni nzito kuliko mzigo uliomtua. Yeye hacheki sana. Alibaki mjane akiwa na miaka thelathini na mmoja na mtoto mmoja wa kike, Levina, na anasema wazi kwamba kwa nguvu zake peke yake asingefika popote. Watu walimshika mkono, naye anawashika.

Sasa ana miaka sitini na mitatu. Analima ekari mbili za mpunga, anafuga kuku ambao wengi wao hufa kwa kutolewa asante, na kwenye umoja wa akina mama wa parokia kazi yake ni kusugua vinara vya altare. Ukwaju na majivu, basi. Hataki kusikia habari za dawa ya chupa.

Mwaka jana, mwezi wa kumi na moja, Levina alipelekwa hospitali kujifungua. Alikuwa amekaa miaka minane kwenye ndoa bila mtoto, na hiyo ndiyo mimba ya kwanza iliyofika mwisho. Saa nne asubuhi wakamwambia Dorotea kwamba mtoto amekaa vibaya, mama anatoka damu, na lazima apasuliwe mara moja. Daktari wa kumpasua alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, mtu wa Tukuyu, jina lake Omega. Alimkuta Dorotea kwenye benchi la korido, mikono inamtetemeka hata pindo la kanga halishikiki.

"Shikamoo mama," daktari alisema.

Dorotea alishangaa. Mtu anakwenda kumpasua mwanao, na bado anakumbuka kukuamkia. "Marahaba, mwanangu."

Daktari alikuwa akitoa vitu mfukoni kabla ya kuingia. Simu na funguo alimpa nesi. Kikabaki kipande kimoja cha shaba, cha mviringo, kikubwa kuliko sarafu yoyote ya kwetu, ndani ya kikasha chembamba cha plastiki ngumu. Akaitazama ile mikono inayotetemeka, akakiweka kiganjani mwa Dorotea na kumkunja vidole juu yake.

"Nishikie hiki, mama. Nikitoka nitakuja kukichukua mwenyewe."

Akaingia. Dorotea alilishikilia neno lile, mwenyewe, kuliko alivyoishikilia shaba. Mtu aliyesema atakuja mwenyewe hana mpango wa kumtuma nesi alete habari mbaya. Alikaa saa mbili na nusu. Katika kukaa huko alikifungua kiganja, akaona kwamba kile kipande kina picha. Mwanamke anatembea, vazi refu limemwangukia mpaka miguuni, mkono mmoja ameunyoosha mbele, na nyuma yake jua linachomoza na miale yake yote. Pembeni maandishi ya Kiingereza. Dorotea hajui Kiingereza, lakini mwanamke aliyevikwa jua anamjua. Ameshamsikia kanisani mara nyingi. Akaibusu ile plastiki, akaanza Salamu Maria.

Hapa lazima niseme ukweli, maana si haki msomaji apotoshwe pamoja na Dorotea. Ile haikuwa medali ya Bikira. Nchi za nje kuna viwanda vinavyogonga vipande vya namna hiyo, shaba tupu, gramu ishirini na nane kila kimoja, na wapo watu wanaovikusanya kama wengine wanavyokusanya stempu. Si pesa, huwezi kununulia hata kibiriti. Yule mwanamke ni picha ya uhuru ambayo Wamarekani waliiweka kwenye sarafu zao zamani. Na wakusanyaji wa vitu hivi wana sheria moja kali kupita zote: usikiguse. Usikitoe kwenye kikasha, usikifute, usikisugue. Alama ya kidole tu inatosha kuwanyima usingizi. Sasa kipande hicho kilikuwa mikononi mwa mwanamke bingwa wa ukwaju na majivu.

Mlango ulifunguka, daktari akatoka mwenyewe, kofia ya kijani bado kichwani. "Mama, umepata mjukuu wa kike. Na Levina yuko salama."

Dorotea alipiga kigelegele kimoja kilichowaamsha wagonjwa wa wodi mbili. Alipiga magoti, akainuka, akamkumbatia daktari kwa nguvu, akapiga magoti tena. Kabla hajamaliza, gari lilikuwa limeingia na majeruhi kutoka Chita, na daktari akaitwa mbio. Dorotea alikuja kugundua baadaye sana kwamba bado kiganja chake kimeifumbata ile shaba.

Alirudi kesho yake kumrudishia. Akaambiwa daktari hayuko zamu. Alirudi tena keshokutwa yake. Akaambiwa daktari amekwenda Dodoma masomoni, atarudi mwezi wa sita.

"Tuachie sisi mama, akirudi tutampa," nesi alimwambia.

"Hapana mwanangu. Alisema atakichukua mwenyewe." Akakifunga kwenye pindo la kanga, akaenda zake. Mtoto alipobatizwa aliitwa Omega, na hilo halikujadiliwa na mtu.

Basi kikawa amana, na amana kwa Dorotea si jambo la kuweka juu ya kabati. Kwanza alikitoa kwenye plastiki, kwa sababu hakuona maana ya Mama Maria kufungiwa kama biskuti. Kile kikasha akakitia mbegu za mchicha. Halafu akakaa na kipande chenyewe kwenye pindo la kanga, usiku na mchana, maana nyumba yake mlango haufungi vizuri.

Mwezi wa kumi na mbili alikwenda Kiberege siku ya soko kununua mbegu ya mpunga. Aliponyanyua mkono kulipa, pindo lilikuwa limefunguka na ndani hamna kitu. Alilisaka soko zima akitembea kwa magoti, mwanamke mzima wa miaka yake, chini ya meza za nyanya, chini ya meza za nguo za mitumba, watu wakidhani amepandwa na kichaa. Akakiona chini ya gunia la muuza samaki wa perege, kimelala kwenye matope, mwanamke wa jua kaangalia juu. Muuza perege aliletewa jogoo wiki iliyofuata.

Siku ile aliapa hatakipoteza tena. Alikwenda mjini Ifakara kwa fundi Remigius, anayesuka upya mota zilizoungua za mashine za kukoboa mpunga, mtu aliyeishi na waya wa shaba miaka ishirini na tano.

"Shikamoo Mama Levina. Leo umeniletea mota gani?"

"Marahaba. Sina mota, baba. Nitobolee hapa juu ya kichwa cha Mama Maria, tundu dogo la kupitisha kamba. Usimguse mionzi yake."

Remigius alikipima kiganjani, akakigongagonga kwenye meza kusikiliza mlio wake, akageuza upande wa pili. "Mama, hii ni shaba safi kweli kweli. Waya wangu wote humu ndani haufiki hivi. Nani amekupa?"

"Sijapewa. Nimeshikishwa. Ni mali ya daktari aliyemwokoa Levina."

"Sasa mali ya mtu unaitoboa?"

"Nikiipoteza je?"

Remigius akachukua keke yake ya kutobolea. Ilipokuwa inachimba, unyuzi mwembamba wa shaba ulijikunja ukaanguka mezani, mwekundu, unang'aa. Fundi yeyote huupangusa tu. Dorotea alimshika mkono. "Usitupe. Hiyo nayo ni ya mwenyewe." Akaukusanya wote kwa ncha ya kidole, mpaka vumbi lake, akaufunga kwenye kipande cha karatasi na kukitia ndani ya sidiria. Remigius alikataa malipo. Nadhani mmeshajua alichopelekewa.

Kutoka hapo kipande kilikaa shingoni, chini ya nguo, kwa kamba ya katani aliyoisokota mwenyewe. Kwa Pasaka alikisugua pamoja na vinara vya kanisa. Shaba ikawaka kama jiko. Rafiki yake Katarina, mwenzake wa kusugua, alikishika akasema hajawahi kuona Mama Maria mzuri namna hiyo, na huenda ni wa Ulaya kabisa. Baada ya misa, padri aliponyunyiza maji ya baraka juu ya rozari na chupa na picha zilizoinuliwa na watu mia mbili, Dorotea naye aliinua chake juu. Padri wa watu asilaumiwe. Mia mbili ni wengi.

Alipalilia nacho. Alifukuza ndege shambani nacho, akipiga debe toka alfajiri. Jasho likakibadili rangi, kikamwachia duara la kijani kifuani, naye akakisugua tena. Kila jioni aliposali rozari pamoja na Levina na mtoto, alikishika na kuongeza ombi lake: Mungu amjalie heri mwenye kitu hiki, awape afya baba na mama waliomzaa. Hakukosa siku hata moja. Hata siku aliyoumwa malaria alisali amelala.

Ikafika mwezi wa sita. Mpunga umekauka, watu wako kwenye kuvuna, na habari ikaja kwamba Daktari Omega amerudi. Dorotea aliacha mundu shambani. Alioga, akavaa gauni la kanisani, akambeba mjukuu mgongoni, akachukua mchele mpya nusu debe na kuku wawili, akaenda hospitali akiwa na furaha ya mtu anayekwenda harusini. Amana imetunzwa miezi saba. Haikupotea, haikuibiwa, imesuguliwa, imebarikiwa. Ni nani angemletea daktari kitu kikiwa kizuri kuliko alivyokiacha?

Daktari alimpokea vizuri mno. Alimbeba mtoto, akaliangalia jina lake kwenye kadi ya kliniki, akacheka kwa sauti. Kisha Dorotea akavua ile kamba shingoni na kumwekea kipande mkononi.

"Mwanangu, amana yako."

Daktari alikitazama. Alipitisha kidole juu ya tundu. Alikigeuza, akauona uso wa mwanamke uliolainika kwa majivu hata pua haionekani vizuri, na ile miale ya jua iliyobaki nusu. Kicheko kilimwisha usoni kidogo kidogo, na Dorotea alikiona kinavyokwisha.

"Kile kikasha kiko wapi, mama?"

"Kipo. Kina mchicha." Akaitoa haraka ile karatasi kifuani. "Na hii ndiyo iliyotoka kwenye tundu. Sikupoteza hata chembe."

Daktari aliifungua karatasi, akaona unyuzi wa shaba. Ni mtu ambaye kazi yake imemzoesha kuwaambia watu ukweli, na hakujua namna nyingine. "Mama, sitakudanganya. Imeharibika. Hii si medali. Yule si Bikira Maria, ni picha tu ya watu wa Marekani. Vitu hivi hutunzwa bila kuguswa, na baba yangu aliviacha kumi na viwili, kila kimoja na picha yake. Sasa vimebaki kumi na kimoja."

Wanasema majuto ni mjukuu. Dorotea mjukuu alikuwa mbele yake, na majuto nayo yakaja. Kumbe miezi saba yote alikuwa anaharibu kwa mikono yake mali ya mtu aliyemrudishia Levina. Shukrani ya punda ni mateke, alijiwazia, na punda ndiye mimi. Yeye ambaye hajawahi kumrudishia mtu sufuria tupu, leo amemrudishia huyu, anayemdai asante kuliko watu wote, kitu kilichotobolewa.

Alishuka kwenye kiti akapiga magoti. "Nisamehe mwanangu. Niliogopa kukipoteza. Nilikipoteza Kiberege mara moja, nikadhani nitakufa. Nikaona nikikitia shingoni hakitatoka mpaka nitoke mimi."

"Inuka mama, tafadhali."

"Siinuki. Baba yako yuko wapi? Nitapanda gari niende nikamwombe radhi. Hata kama ni Tukuyu. Ni kitu chake."

Daktari alimshika mikono, akamvuta akae. Halafu akamweleza, kwa sauti ya chini, kama mtu anayemweleza mtu wa nyumbani. Baba yake alivuka kwenda Zambia kijana, akachimba shaba chini ya ardhi huko Kitwe miaka ishirini na miwili. Siku ya kustaafu alichukua sehemu ya kiinua mgongo chake, akanunua vile vipande kumi na viwili kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anaondoka. Mama yao alimgombeza sana. Akajibu kwamba ameitoa shaba ya watu ardhini maisha yake yote, mabehewa kwa mabehewa, na haijawahi kuwa yake hata ya kutengeneza pete. Alisema wakati ule ilikuwa inashuka kwa treni kwenda Dar, ikipita humu humu bondeni, Chita, Ifakara, na kwamba yeye mwenyewe alipita mara moja tu akienda Dar wakati wa likizo, akaona mpunga dirishani, hakushuka.

"Alifariki miaka minne iliyopita," daktari alimaliza. "Hicho ndicho alichokuwa ameshika alipokata roho. Ndiyo maana natembea nacho."

Dorotea aliweka mkono mdomoni. Macho yalimtoka, na daktari akadhani analia.

"Mama, nini?"

"Miezi saba," alisema Dorotea. "Miezi saba, kila jioni, nimemwombea baba yako afya. Awe na nguvu, asiumwe kifua, aone wajukuu. Kumbe mwenzangu yuko kaburini!"

Daktari alicheka. Kilimtoka tu kicheko, hakukitegemea, na Dorotea, aliyekuwa amejaa aibu mpaka shingoni, akajikuta naye anacheka, machozi yakimtiririka. Mtoto aliwaangalia wote wawili akacheka pia. Halafu kicheko cha daktari kikageuka, akafunika uso kwa mikono yote miwili na kulia kama watu wanavyolia msibani, kwa kwikwi, bila kuona haya. Dorotea alimvuta kifuani. Hakuuliza kitu. Alimpigapiga mgongoni alivyokuwa akimpigapiga Levina zamani.

"Nilikuwa kazini alipofariki," daktari alisema alipoweza kusema. "Nilifika amekwisha zikwa. Nikarudi kazini. Sijawahi kumlilia hata siku moja, mama. Na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza habari zake. Wewe umemtajia Mungu habari zake kila jioni na humjui."

"Nilikuwa nashukuru tu, mwanangu. Wewe umezaliwa na mtu. Nisingeweza kukushukuru wewe nikamwacha aliyekuzaa."

Daktari alifuta uso kwa mkono wa koti. Alikunja ile karatasi ya unyuzi, akaitia mfukoni pamoja na kipande na kamba yake ya katani, na mwisho wa kamba ukabaki unaning'inia nje. Dorotea alimfunga mtoto mgongoni, akasogeza kuku na mchele karibu na meza. Mlangoni alisimama.

"Nimekuwa nikimwombea vibaya. Leo jioni nataka nirekebishe. Anaitwa nani?"

Daktari alisita. "Mama, sisi kwetu ni Wamoraviani. Hatuombei marehemu."

"Sisi tunawaombea," Dorotea alisema. "Wewe nipe jina tu, kazi niachie mimi."

Daktari alimtazama yule mama amesimama pale na duara lake la kijani kifuani, akaona kwamba anangoja kweli.

"Bryson," alisema. Ni muda mrefu alikuwa hajalitamka, akalirudia.